Dozi ya dawa mpya ya saratani hupangwaje? Tuzungumzie haya tunayoyaita "maudhi madogo madogo"

#1 Mfamasia Dirishani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande, naomba uvumilivu wenu.

Nafanya kazi dirisha la dawa katika kitengo cha saratani. Wiki tatu zilizopita alikuja mama mmoja wa saratani ya titi iliyosambaa kuchukua dawa za mzunguko wa nne. Anatumia kapesitabini, vidonge vya miligramu 500: vinne asubuhi, vinne jioni, siku kumi na nne mfululizo, kisha anapumzika wiki moja. Nikamuuliza kama ana vilivyobaki. Akafungua mkoba, akatoa leso iliyofungwa fundo. Ndani nikahesabu vidonge sitini na vitatu.

"Mwanangu nisamehe. Vikinishinda naviweka humu. Sikutaka daktari aone nimekataa tiba."

Kisha akanigeuzia viganja. Vyekundu, vimebambuka, ncha za vidole zimekuwa laini kama za mtoto mchanga. Mwiko haushikiki. Alikwenda kusajili laini ya simu, mashine ikagoma kusoma alama za vidole. Kijana aliyekuwa akimhudumia akamwambia ajifute mikono ajaribu tena, akajifuta mpaka akatoka damu. Aliona aibu kueleza. Jambo hili kitaalamu linajulikana: mwaka 2009 jarida moja la kitabibu lilieleza habari za mgonjwa kutoka Singapore aliyezuiliwa saa kadhaa uhamiaji Marekani kwa sababu dawa hii hii ilikuwa imemfuta alama za vidole.

Kwenye kadi ya yule mama, mahali pa kuandika madhara ya dawa, paliandikwa maneno matatu: maudhi madogo madogo.

Tangu siku ile najiuliza, na nataka tujiulize wote: nani alisema vinne asubuhi na vinne jioni? Alijuaje kwamba si vitatu? Mimi ndiye ninayevihesabu na kuvifunga kila siku, na nimegundua wagonjwa wengi, hata baadhi yetu watoa huduma, tunaamini namba iliyo kwenye boksi imeshuka kutoka mbinguni. Haikushuka. Ilichaguliwa na watu, kwa njia ambayo kwa dawa nyingi za sasa imepitwa na wakati. Naendelea chini.

#2 Nyota ya Asubuhi

Nimeweka kambi. Mama yangu alimeza hizo hizo.

#3 Mfamasia Dirishani (mleta mada)

Pole sana dada. Tuendelee.

Kemo, yaani tiba ya dawa za kuua seli za saratani, ilizaliwa kwenye sumu ya vita. Mwaka 1942 pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu alichomwa dawa ya ukoo wa gesi ya haradali, ile iliyotumika kuua askari. Uvimbe ulinywea haraka, halafu ukarudi. Kilichoonekana pale kikatawala miongo iliyofuata: sumu inaua seli ya saratani na inaua seli yenye afya pia, nafasi kati ya tiba na mauti ni nyembamba, na kila ukiongeza unaua zaidi. Basi mpe mgonjwa kiasi kikubwa kabisa ambacho mwili wake unaweza kuhimili. Kiasi hicho ndicho kinachoitwa dozi ya juu inayovumilika.

Hutafutwaje? Njia iliyozoeleka inaitwa tatu-kwa-tatu. Wanaingizwa wagonjwa watatu, mara nyingi ni watu ambao tiba nyingine zote zimegonga mwamba. Wanapewa dozi ya chini. Wanaangaliwa siku 21 au 28. Asipopata hata mmoja madhara makali, watatu wengine wanapewa dozi ya juu zaidi. Akipata mmoja, wanaongezwa watatu kwenye dozi ile ile. Wakifika wawili walioumia, ngazi imeishia hapo: wanarudi chini hatua moja, na ile dozi ya chini yake ndiyo inayopelekwa kwenye majaribio makubwa, na mwisho ndiyo inayoandikwa kwenye boksi.

Tazameni vizuri swali linaloulizwa hapo. Ni moja tu: mwili unashindwa wapi? Hakuna anayeuliza dawa inaanza kutosha wapi.

Kwa sumu ya zamani maswali haya mawili yalikaribiana. Kwa dawa za kizazi hiki yameachana mbali. Dawa nyingi za leo zinakwenda kuziba protini fulani ndani ya seli ya saratani, kama mtu anayefunga mlango kwa komeo. Mlango ukishafungwa, hata uongeze makomeo ishirini haufungiki zaidi. Makomeo yaliyozidi yanakwenda kufunga milango isiyohusika: ya ngozi, ya utumbo, ya moyo.

Na lile dirisha la siku 28! Zamani mgonjwa alipata mizunguko sita ya dripu akamaliza. Leo kidonge kinamezwa kila siku mwaka mzima, wengine miaka. Kuharisha mara tatu kwa siku ndani ya mwezi mmoja wa utafiti kunaandikwa "daraja la kwanza", yaani si kitu. Mwambie mtu anayepanda daladala kila asubuhi aharishe mara tatu kwa siku kwa miezi minane.

#4 Mjukuu wa Bukoba

Mkuu, swali la mtu asiye daktari. Huyo wa kwanza kabisa anaanziwa na kiasi gani? Maana hakuna binadamu aliyewahi kuimeza.

#5 Mfamasia Dirishani (mleta mada)

Swali zuri. Kwa dawa za saratani kanuni ya kawaida ni kuangalia panya: dozi gani iliwadhuru vibaya asilimia 10 ya panya? Unaigeuza kwa ukubwa wa mwili wa binadamu, unachukua sehemu moja ya kumi. Hapo ndipo wa kwanza anaanzia. Kisha unapanda: mara mbili, halafu hatua zinapungua ukubwa kadiri unavyokwenda juu.

Lakini mnyama anaweza kukudanganya. Machi 2006 London, vijana sita wenye afya walichomwa dawa ya kingamwili iliyoitwa TGN1412, iliyokusudiwa kwa aina moja ya saratani ya damu na kwa baridi yabisi. Dozi ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile ambayo nyani waliihimili bila shida. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa mahututi, viungo vinafeli. Wote walipona kifo, ila si bila majeraha. Baada ya pale Ulaya ikabadili utaratibu: kwa dawa za hatari ya namna ile unaanza na kiasi kidogo kabisa kinachoweza kugusa mwili, na hamchomi watu sita mfululizo asubuhi moja.

#6 Mtakwimu wa Ngong Road

Salamu kutoka Nairobi. Kazi yangu ni takwimu za majaribio ya dawa, na nashukuru ndugu kwa kulileta hili, kwa sababu kule kazini tunalizungumza kila siku na huku nje halifiki.

Hebu niwapigie hesabu muone udhaifu wa tatu-kwa-tatu. Chukua dozi ambayo kwa hakika inamuumiza vibaya mtu mmoja katika kila wawili. Ni dozi mbaya, hakuna atakayeitetea. Uwezekano wa watatu wa kwanza kutoka salama wote ni 0.5 × 0.5 × 0.5, yaani asilimia 12.5. Ukiongeza ule uwezekano wa mmoja kuumia kisha watatu wa pili kutoka salama, unafika asilimia 17. Maana yake mara moja katika kila sita hivi, utafiti utaipitisha dozi hiyo na kupanda juu yake. Sasa chukua dozi inayoumiza asilimia 30. Uwezekano wa kupanda ni karibu asilimia 49. Ni sawa na kurusha sarafu. Na kwa sarafu hiyo tunachagua kile watakachomeza maelfu ya watu.

Njia bora zipo tangu zamani. Mwaka 1990 John O'Quigley na wenzake walichapisha mbinu inayotumia taarifa za wagonjwa wote waliokwisha kupita, si watatu wa mwisho tu, kukadiria dozi ya anayefuata. Mwaka 2015 ikaja nyingine, BOIN, nyepesi kiasi kwamba jedwali lake unaweza kulibandika ukutani. Hata hivyo tatu-kwa-tatu imeendelea kupendwa kwa sababu haihitaji mtakwimu. Hilo huniumiza, na si kwa sababu ya ajira yangu.

Lakini niseme ukweli wote. Hata mbinu hizi mpya, ukiziuliza swali lile lile la "mwili unashindwa wapi", zitakujibu hilo tu, ila kwa usahihi zaidi. Swali lenyewe ndilo linapaswa kubadilika: chukua dozi mbili au tatu zinazoelekea kufaa, wagawe wagonjwa kwa kura, ulinganishe. Fanya hivyo kabla ya leseni.

#7 Mfamasia Dirishani (mleta mada)

Asante sana ndugu yangu wa Nairobi, umenifungulia njia ya mfano niliotaka kuuleta.

Kuna dawa ya saratani ya mapafu, Lumakras. Inalenga KRAS, protini iliyowashinda wanasayansi kwa miongo mingi hadi ikaitwa isiyotibika. Kwenye awamu ya kwanza walijaribu miligramu 180, 360, 720 na 960. Uvimbe ulinywea katika dozi zote. Kiwango cha dawa kwenye damu hakikupanda kulingana na vidonge vilivyoongezwa. Hakuna aliyepata madhara ya kuwasimamisha. Kwa fikra ya zamani, hakuna aliyeumia maana yake bado hatujafika, basi chukua ya juu kabisa: 960. Vidonge vinane kwa siku.

Mei 2021 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliipa leseni kwa sababu wagonjwa walikuwa hawana kitu kingine. Lakini wakaweka sharti: mkalinganishe 960 na 240. Majibu yakaja: uvimbe ulinywea kwa asilimia 32.7 ya waliomeza 960, na asilimia 24.8 ya waliomeza 240. Miezi ya kuishi ilikuwa 13.0 kwa 11.7. FDA wakaiacha 960 ibaki.

Msije mkasema nimeleta mfano unaonipinga. Nimeuleta makusudi. Mimi sidai dozi ndogo ndiyo bora siku zote. Ninachodai ni kwamba majibu yale yalipaswa kuwepo kabla mgonjwa wa kwanza hajauziwa. Kwa muda mrefu watu walimeza vidonge vinane kwa siku na hakuna duniani aliyekuwa na uhakika kama viwili visingetosha.

Mwaka huo huo 2021 FDA wakaanzisha mpango unaoitwa Project Optimus, lengo lake kampuni zilinganishe dozi mapema. Agosti 2024 wakatoa mwongozo kamili. Kwangu mimi hii ni moja ya habari kubwa za tiba ya saratani kwa miaka hii, kubwa kuliko dawa nyingi mpya zinazotangazwa.

#8 Sista Mstaafu

Wanangu, mnanikumbusha stavudini. Mnaokumbuka kliniki za ARV miaka ya 2000 mwanzoni mnajua. Watu walikuwa wanapata nafuu ya virusi, halafu mashavu yanaingia ndani, miguu inawaka moto usiku mpaka mtu analala na beseni la maji kando ya kitanda. Mtaani wakasema ni ugonjwa unamla. Kumbe ni dawa. Mtu wa kilo sitini na kuendelea alipewa miligramu 40. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani wakasema wote wapewe 30. Baadaye wakasema iondolewe kabisa.

Nilikuwa naandika kwenye faili "anavumilia". Leo nikikumbuka neno lile naona uchungu. Mgonjwa alikuwa anavumilia kweli, lakini hakuna aliyemuuliza anavumilia nini.

#9 Mfamasia Dirishani (mleta mada)

Sista, shikamoo. Nimesoma sentensi yako ya mwisho mara mbili.

#10 Mzee wa Kibaha

Mleta mada, nakuheshimu na kazi yako naijua ni ngumu. Lakini uzi huu unanitia hofu. Mdogo wangu alikufa kwa saratani ya utumbo baada ya kupunguziwa dawa mara mbili kwa sababu damu ilikuwa chini. Ningekuwa na uwezo ningedai apewe yote. Simba akiingia bomani huendi na ufito. Watu watasoma hapa, watakwenda nyumbani wakate vidonge nusu, na watakufa. Umelifikiria hilo?

#11 Mfamasia Dirishani (mleta mada)

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa msiba ambao najua hauishi. Hofu yako ni ya haki na naijibu kwa kirefu.

Kwanza, nakubaliana nawe: zipo tiba ambazo kukata dozi ni kumkatia mtu maisha. Saratani ya damu ya watoto, limfoma nyingi, na kemo inayotolewa baada ya upasuaji wa titi ili ugonjwa usirudi. Pale Milano, Italia, Gianadonna Bonadonna hakuwa peke yake kuliona hili lakini ndiye aliyelionyesha wazi: katika wanawake waliopewa kemo baada ya upasuaji, walionufaika hasa ni wale waliopata angalau asilimia 85 ya dozi iliyopangwa. Kwa hiyo anayepewa tiba ya kuponya, akae na dozi yake, na tupambane na madhara kwa njia nyingine.

Pili, ile imani ya ufito na simba imewahi kutupeleka pabaya. Miaka ya 1990 madaktari walisema, kama kemo ya kawaida inasaidia titi, basi tutoe ya kupindukia, tuue hadi uboho, kisha tumrudishie mgonjwa seli zake za uboho tulizomtolea kabla. Maelfu ya wanawake Marekani walipitia hilo, wengine walishtaki bima zao ili walipiwe. Baadhi walikufa kwa tiba yenyewe. Mwaka 1999 matokeo ya tafiti yalipoletwa mkutanoni, hayakuonyesha faida, isipokuwa ya daktari mmoja wa Afrika Kusini, Werner Bezwoda. Mapema mwaka 2000 wakaguzi kutoka Marekani walikwenda Johannesburg kutazama mafaili yake, na ikabainika takwimu zilighushiwa. Imani ikaanguka pale.

Tatu, na hili nawaomba kila anayesoma alichukue: USIPUNGUZE DAWA MWENYEWE. Ukikata kimyakimya daktari anapoteza macho. Ataona uvimbe umekua, atasema dawa imeshindwa, atakubadilishia ya ukali zaidi, kumbe dawa ilikuwa kwenye leso. Nimeanza na habari za yule mama kwa sababu hiyo.

(Marekebisho: nimekosea jina hapo juu, ni Gianni Bonadonna.)

#12 Mzee wa Kibaha

Marhaba. Nimekuelewa. Hilo la tatu lingekuwa la kwanza kwenye uzi.

#13 Bint Pangani

Naomba nichangie kama mgonjwa. Nina saratani ya damu ile ya CML, mwaka wa saba sasa. Nilianza na imatinibu 400, baadaye nikahamishiwa dasatinibu. Maji yalinijaa kifuani, nikawa siwezi kulala chali. Daktari akasimamisha, akanirudisha kwa dozi ndogo, na vipimo vyangu bado ni vizuri. Kwa hiyo mimi ni ushahidi unaotembea kwamba dozi inaweza kushuka na ugonjwa usirudi. Ila nilipimwa kila mara, sikujiamulia.

Swali langu: kwa nini imatinibu haikunipa shida kubwa na hii ilinipa?

#14 Mfamasia Dirishani (mleta mada)

Dada, Mungu akuzidishie. Glivec, jina la kibiashara la imatinibu, ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote katika jambo hili. Brian Druker na wenzake walianza kuijaribu kwa watu 1998, kuanzia miligramu 25 hadi 1000. Hawakuifikia dozi ya kumshinda mtu. Lakini waliangalia kitu kingine: damu ya mgonjwa inarudi sawa wapi? Kuanzia 300 kwenda juu, wagonjwa 53 kati ya 54 damu ilirudi kawaida. Wakasimama kwenye 400 badala ya kukimbilia 1000. Mwaka 2001 ikapata leseni, na dozi ile imedumu mpaka leo.

Dasatinibu ilipata leseni 2006 kwa miligramu 70 mara mbili kwa siku. Ndani ya muda mfupi ikaonekana 100 mara moja kwa siku inafanya kazi vilevile na maji ya kifua yanapungua, dozi ikabadilishwa 2007. Angalau hapo walisahihisha haraka. Ndugu yao mwingine, ponatinibu, alitoka Desemba 2012 kwa miligramu 45. Oktoba 2013 mauzo Marekani yakasimamishwa kwa sababu mishipa ya watu ilikuwa inaziba: viharusi, mishtuko ya moyo, miguu kukosa damu. Ikarudi kwa masharti. Ilichukua mpaka 2020 kuandikwa rasmi kwamba kwa wengi wenye CML unaanza na 45, ugonjwa ukitulia unashuka 15. Fikiria miaka hiyo minane kwa macho ya mtu aliyepooza upande mmoja.

#15 Mganda wa Mbale

Kiswahili changu si cha pwani, mtanisamehe. Lakini katika mazungumzo haya Kampala haiwezi kuachwa. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe wa taya wa watoto wetu. Mashine ya mionzi haikuwepo Uganda, upasuaji haukusaidia, basi akatumia dawa kidogo alizopewa, siklofosfamidi ikiwemo. Watoto wengine walipata dozi moja au chache tu, kwa sababu dawa ilikuwa kidogo au mzazi alimrudisha mtoto kijijini. Na baadhi yao walipona moja kwa moja! Wakubwa wa Ulaya na Marekani walishangaa. Uvimbe ule unakua haraka kupita karibu saratani zote, kwa hiyo dawa inazikuta seli karibu zote ziko kazini zinagawanyika.

Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha limfoma pale Mulago, John Ziegler akakiongoza, na ndicho kilichokuja kuwa taasisi ya saratani ya Uganda. Walipanga majaribio vizuri, wakaonyesha kuchanganya dawa kunasaidia wale ambao dozi moja haikutosha. Nasema hivi ili vijana wajue: swali la dozi lilishawahi kuulizwa hapa kwetu, kwa watoto wetu, na majibu yakatumika dunia nzima.

#16 Nyota ya Asubuhi

Sikujua hili la Mulago. Asante kaka.

#17 Mke wa Mvuvi

Jamani mimi nina jambo la haraka. Baba mkwe ana tezi dume iliyosambaa, anatumia abirateroni, vidonge vinne vya 250 tumbo likiwa tupu. Tunanunua wenyewe. Mtu katuambia ukimeza kimoja na chakula ni sawa na vinne. Ni kweli au uongo? Bei imetumaliza, tumeuza mtumbwi.

#18 Mfamasia Dirishani (mleta mada)

Dada yangu pole, nakujibu kwa uangalifu.

Si uongo, na bado si ruhusa ya kufanya mwenyewe. Dawa hiyo tumboni inategemea sana chakula: ukila chakula cha mafuta mengi, inayoingia kwenye damu inaweza kuwa hadi mara kumi. Ndiyo maana boksi linasema tumbo tupu. Kundi la watafiti, wengi wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakauliza: badala ya kutupa dawa chooni, kwa nini tusitumie chakula? Wakawagawa wagonjwa 72: wengine 1000 tumbo tupu, wengine 250 pamoja na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo. Matokeo yalitoka 2018, na kushuka kwa PSA (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume) hakukuwa pungufu kwa wale wa 250. Tangu hapo miongozo mikubwa ya Marekani inaitaja kama njia inayoweza kutumika pale gharama inapokuwa kikwazo.

Lakini wagonjwa 72 ni wachache, na walitazama PSA, hawakutazama nani aliishi zaidi. Halafu chai na maandazi si sawa na supu ya utumbo. Leo mafuta mengi, kesho kidogo, dawa itapanda na kushuka. Nenda na baba kliniki, mwambie daktari waziwazi: "Fedha zimeisha, tumesikia kuhusu 250 na chakula, tunaweza kupangiwa?" Akikubali atapanga vipimo vya PSA, presha, potasiamu na ini. Usione aibu kutaja fedha. Mgonjwa anayekosa dawa wiki mbili kila mwezi yuko kwenye dozi mbaya kuliko zote, na hakuna aliyeipima.

#19 Mtakwimu wa Ngong Road

Hapo umegusa kidonda. Nani atalipia utafiti wa kuonyesha robo ya dozi inatosha? Si anayeuza. Ndiyo maana kazi kubwa imetoka Mumbai, hospitali ya Tata Memorial. Nivolumabu, dawa ya dripu inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, kwa kawaida hutolewa miligramu 240 kila wiki mbili. Wao walitoa 20 kila wiki tatu, pamoja na vidonge vya bei nafuu, kwa wagonjwa 151 wa saratani ya kichwa na shingo waliogawanywa kwa kura. Walioongezewa zile miligramu 20, asilimia 43.4 walikuwa hai mwaka mmoja baadaye. Waliopata vidonge peke yake, asilimia 16.3.

Haikulinganishwa na dozi kamili, hilo lisemwe. Lakini kwa mgonjwa wa Kisumu au Tanga dozi kamili haipo mezani. Linganisho lake la kweli ni 20 au sifuri.

#20 Mfamasia Dirishani (mleta mada)

Naam. Na sisi tuna maswali ambayo Mumbai hawatatujibia. Narudi kwa kapesitabini. Mwilini huvunjwa na kimeng'enya kinachoitwa DPD. Mwenye upungufu wake, dozi ya kawaida inaweza kumuua. Tangu 2020 mamlaka ya Ulaya inashauri kila mgonjwa apimwe kwanza. Ukipima kwa vinasaba, alama nne zinazotafutwa mara nyingi zilitambuliwa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kuna nyingine, Y186C, inayopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee, na kwenye zile nne haimo. Yaani unaweza kuambiwa uko salama kwa kipimo ambacho hakikukutafuta wewe.

Hata kanuni ya kukadiria ukubwa wa mwili kwa urefu na uzito, ile ninayoitumia kila asubuhi kupanga dozi, asili yake ni makala ya 1916 ya akina Du Bois. Walipima watu tisa.

#21 Mjukuu wa Bukoba

Watu tisa?

#22 Mfamasia Dirishani (mleta mada)

Tisa.

#23 Nyota ya Asubuhi

Mleta mada, yule mama imekuwaje? Nimesoma uzi wote nikimfikiria yeye.

#24 Mfamasia Dirishani (mleta mada)

Nilikuwa nangoja nipate ruhusa yake ndipo niandike.

Siku ile nilimwomba anikabidhi ile leso, tukaingia nayo pamoja kwa daktari. Nilimwambia nitaongea mimi kwanza. Daktari alihesabu vidonge, akavitazama viganja, akakaa kimya kidogo, kisha akamwambia, "Mama, kosa si lako, sisi hatukukuuliza." Akasimamisha dawa mpaka ngozi ipone, akamshusha: vitatu asubuhi, vitatu jioni.

Nilipofika nyumbani nikasoma. Xeloda, jina la mwanzo la dawa hii, ina leseni Marekani tangu 1998 kwa miligramu 1250 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara mbili kwa siku. Madaktari wengi duniani walikuwa wanaanzia 1000 kwa kuona tu wagonjwa wanavyoteseka. Desemba 2022 maelezo rasmi ya dawa yakabadilishwa, na kwa titi lililosambaa yakaruhusu 1000 pia. Miaka 24. Mwaka 2023 ukaletwa utafiti mwingine wa wanawake 153 wa titi lililosambaa: miligramu 1500 mara mbili kwa siku kwa kila mtu bila kujali ukubwa wa mwili, wiki moja unameza, wiki moja unapumzika. Kuishi hakukupungua ukilinganisha na utaratibu wa zamani, na mateso ya viganja na utumbo yalipungua. Nimeupeleka kwa daktari wetu, tutaujadili kwenye kikao cha wagonjwa.

Pale dirishani nimeacha kuuliza "unaendeleaje na dawa?" maana jibu ni "vizuri" siku zote. Sasa nauliza: ulienda chooni mara ngapi jana? Jana ulipika? Vimebaki vingapi? Naandika majibu kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Mama alirudi Jumanne. Hakuwa na leso. Alama za vidole bado hazisomeki kwenye mashine, lakini ameniambia ugali wa jana alisonga mwenyewe.